Mahakama ya Madai katika Mji wa New York

Mji wa New York, ulioko Marekani penye mlango wa mto Hudson, una watu wengi mno. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2020 walionekana watu zaidi ya milioni 8 na laki 8. Watu hao hukaa karibu karibu, ghorofa juu ya ghorofa. Huyu ni mwenye duka, yule ni mpangaji, huyu ni dobi, yule ni dereva. Na kila siku hununua, huuza, hukopeshana, huajiriana na kupangishana vyumba. Haiwezekani watu wengi namna hiyo wakae pamoja pasipo kugombana. Mmoja atasema, "Sikulipwa." Mwingine atajibu, "Kazi uliyoifanya ni mbaya." Wa tatu atasema, "Nyumba yako inavuja, nami sitoi kodi mpaka uitengeneze."

Kijijini maneno kama hayo hupelekwa mbele ya wazee, nao huwajua wote wawili, na baba zao, na tabia zao. Lakini katika New York hakimu hamjui mdai wala mdaiwa, na aghalabu hata wao kwa wao hawajuani sana. Kwa hiyo mji umelazimika kutengeneza njia ya kukata maneno ya watu wasiojuana, na njia hiyo ndiyo tutakayoieleza hapa.

Yapasa kwanza tutofautishe mashauri. Mtu akiiba au akiua, serikali ndiyo inayomshitaki, na akipatikana na hatia aweza kufungwa au kutozwa faini. Hiyo ni kesi ya jinai. Lakini mtu akikataa kulipa deni, au akivunja mapatano, au akiharibu mali ya mwenziwe kwa uzembe, yule aliyepata hasara ndiye anayekwenda mwenyewe kudai haki yake. Hilo ni shauri la madai. Katika shauri la namna hiyo hakuna mwizi wala polisi. Kuna mdai, kuna mdaiwa, na kuna kitu kinachogombewa, mara nyingi fedha au nyumba. Mdaiwa akishindwa hapelekwi gerezani, bali huamriwa kulipa.

Wanafunzi mliosoma habari za Musa mwakumbuka jinsi Yethro mkwewe alivyomkuta ameketi tangu asubuhi hata jioni akiwaamua watu, nao wamesimama kumngojea. Yethro aliona ya kuwa kazi ile itamchosha Musa na watu pia, akamshauri aweke waamuzi wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi, ili madogo yaamuliwe nao, na makubwa tu yaletwe kwake. New York wamefanya vivyo hivyo, ila wao hupima ukubwa wa neno kwa fedha.

Zamani mji ule ulikuwa na mahakama mbili za madai, na mipaka ya kazi zao iliwachanganya watu. Tarehe 1 Septemba 1962 mahakama hizo ziliunganishwa, ikawa moja: Mahakama ya Madai ya Mji wa New York. Ina nyumba yake katika kila wilaya kati ya wilaya tano za mji, nazo ni Manhattan, Bronx, Brooklyn, Queens na Staten Island. Mahakama hiyo husikiliza madai yasiyozidi dola 50,000. Kiasi hicho kilikuwa dola 25,000 kwa miaka mingi, mpaka wananchi walipopiga kura mwaka 2021 na kukubali kiongezwe. Madai yanayozidi hapo huenda kwenye mahakama nyingine, ambayo jina lake kwa Kiingereza maana yake ni Mahakama ya Juu Kabisa. Jina hilo limewadanganya wageni wengi, kwa maana mahakama hiyo si ya juu kabisa hata kidogo! Juu yake ziko mahakama za rufani, na ya mwisho katika jimbo lile hukaa katika mji wa Albany.

Mahakimu wa Mahakama ya Madai huchaguliwa kwa kura za watu, kila mmoja kwa muda wa miaka 10. Sisi, ambao mahakimu wetu huteuliwa, twaona ajabu kumsikia mtu akiomba kura ili awe hakimu. Nasi twaweza kujiuliza kama aliyeombwa na rafiki zake fedha za kampeni atawaamua rafiki hao sawasawa na wengine. Wao hujibu kwamba hakimu aliyechaguliwa na watu hamwogopi mkubwa aliyemteua. Jambo hili hubishaniwa huko hata leo.

Mara nyingine hakimu husaidiwa na juri, yaani watu wa kawaida walioitwa kusikiliza shauri na kusema ukweli uko upande gani. Katika mashauri ya madai ya New York watu hao huwa sita, na watano wakikubaliana yatosha. Lakini mashauri mengi hayafiki kwenye juri. Mengi humalizwa kwa mapatano kabla ya siku ya kusikilizwa, na mengi mengine humalizwa kwa sababu mmoja hakutokea, kama tutakavyoona.

Sasa, mtu mwenye dai la dola 1,000 atafanya nini? Akimwajiri wakili, huenda ada ya wakili ikapita deni lenyewe. Akienda mwenyewe mahakamani asubuhi, atakosa kazini na kupoteza ujira wa siku. Basi zamani wanyonge wengi walinyamaza, wakayaacha madeni yao yapotee. Na wadanganyifu walijua hivyo, wakafanya makusudi kudhulumu kidogo kidogo. Mji wa Cleveland, huko huko Marekani, ulianza kutafuta dawa ya dhuluma hiyo mwaka 1913, ukafungua mahakama ya madai madogo. New York ulifuata mwaka 1934. Leo idara hiyo ya madai madogo ni sehemu ya Mahakama ya Madai, nayo husikiliza madai ya fedha yasiyozidi dola 10,000. Ada ya kufungua shauri ni dola 15 kwa dai lisilozidi dola 1,000, na dola 20 kwa dai linalozidi hapo. Wakili si lazima. Tena, na hili ndilo lililo zuri kuliko yote, mashauri husikilizwa jioni, aghalabu kuanzia saa 12 na nusu, watu wakiisha kutoka kazini.

Tutwae mfano. Tuseme yuko fundi wa rangi aliyepatana na mwenye duka kupaka vyumba vitatu kwa dola 1,800. Alipewa hundi ya dola 600 kabla ya kazi. Alipomaliza, mwenye duka alisema rangi haikupakwa vizuri, akakataa kulipa dola 1,200 zilizobaki. Fundi alikwenda mara tatu kuomba, mara ya tatu akafukuzwa. Basi akaenda kwa karani wa mahakama katika wilaya anayokaa.

Karani hamwulizi sheria. Humwuliza jina lake, jina la anayemdai, kiasi cha fedha, na sababu kwa maneno machache. Hapo kwenye jina la mdaiwa pana mtego. Duka laweza kuwa na jina kubwa juu ya mlango, na jina hilo lisiwe jina la mtu wala la kampuni iliyoandikishwa. Hukumu iliyoandikwa kwa jina lisilo sawa ni vigumu kuitekeleza, na kwa hiyo mwenye busara huenda kwanza katika ofisi ya kuandikisha biashara akauliza jina la kweli. Kadhalika mdaiwa lazima awe anakaa, au anafanya kazi, au ana mahali pa biashara ndani ya mji wenyewe. Na kampuni haiwezi kufungua shauri katika idara hii, ila yaweza kushitakiwa. Idara ilifunguliwa kwa ajili ya mtu mmoja mmoja. Hata mtoto asiyetimiza miaka 18 aweza kudai, lakini mzazi wake au mlezi wake ndiye atakayesimama kwa niaba yake.

Fundi wetu alilipa dola 20, akapewa tarehe. Karani akampelekea mwenye duka barua mbili zenye habari moja: moja ya rejista, ambayo lazima itiwe sahihi, na moja ya kawaida. Kwa nini mbili? Kwa sababu wako watu ambao wakiona barua ya rejista imetoka mahakamani hukataa kuipokea, wakidhani kwamba wasipoipokea shauri halipo. Barua ya kawaida huingizwa tu katika sanduku. Isiporudishwa na posta kwa muda wa siku 21, mdaiwa huhesabiwa kuwa amepata habari.

Jioni ya shauri ukumbi hujaa. Wako wanawake wenye mifuko ya sokoni, vijana waliovaa nguo za kazi, wazee wenye bahasha kubwa za karatasi. Karani husoma majina moja moja, na kila mtu aliyetajwa huitika. Akiitika kwamba yu tayari, shauri lake hupelekwa kwa mwamuzi; akitaka hakimu mwenyewe, lazima aseme hivyo wakati ule ule. Waamuzi hao ni mawakili wenye ujuzi, wanaofanya kazi hiyo jioni pasipo mshahara. Nao ni wengi, lakini hakimu ni mmoja, kwa hiyo aliyekubali mwamuzi husikilizwa upesi, na anayetaka hakimu huenda akangoja sana au akaambiwa arudi siku nyingine. Walakini kuna tofauti moja kubwa: uamuzi wa mwamuzi hauna rufani. Ukikubali akuamue, umekubali neno lake liwe la mwisho.

Fundi na mwenye duka wakakubali mwamuzi, wakaingia katika chumba kidogo chenye meza moja, wakaapa.

"Wewe ndiwe mdai," mwamuzi akamwambia fundi. "Eleza."

Fundi akaeleza, akaweka mezani karatasi ya mapatano, picha za vyumba alizopiga siku ya kumaliza, na nakala ya ile hundi ya dola 600.

"Nawe bwana, wasemaje?"

Mwenye duka akasema, "Nakubali tulipatana. Lakini chumba kimoja rangi ilibambuka baada ya wiki mbili. Tazama picha hii. Mafundi wengine wawili wameniandikia gharama ya kukipaka tena: mmoja dola 250, mwingine dola 300."

Mwamuzi akamwuliza fundi, "Ukuta huu uliukwangua kabla ya kupaka?"

Fundi akanyamaza kidogo. "Ule mmoja sikuukwangua wote, bwana. Aliniambia nifanye haraka."

Angalieni jinsi kila mmoja alivyokuja na kitu mkononi. Mtu akija na maneno matupu, mwamuzi atamwamini vipi, naye hajamwona kabla ya jioni ile? Mwenye duka angalisema tu kwamba rangi ilibambuka, pengine asingesadikiwa. Lakini alikuwa na picha, na karatasi mbili za mafundi tofauti, na karatasi mbili ndizo sheria ya mahakama ile inazotaka kwa anayetaka kuonyesha gharama ya matengenezo. Hukumu haikutolewa pale pale, maana huzuia watu wasigombane ukumbini. Baada ya siku chache kila mmoja alipata barua: mwenye duka amlipe fundi dola 950, yaani deni la dola 1,200 baada ya kutoa dola 250 za ukuta ule mmoja.

Je, fundi amekwisha pata fedha yake? Hasha! Amepata karatasi. Watu wengi hudhani kwamba hakimu akisha kusema, karani hufungua sanduku na kuhesabu noti. Mahakama haina sanduku hilo. Mshindi ndiye anayetakiwa kumwomba mshindwa alipe, na asipolipa ndiye anayetakiwa kutafuta mali yake iko wapi. Kazi ya kukamata hufanywa na maafisa waitwao mamarshali, walio kama madalali wa mahakama wa huku kwetu. Mamarshali huteuliwa na meya wa mji, wala hawalipwi mshahara. Hula ada na sehemu ya fedha wanazozipata. Marshali hafanyi upelelezi. Lazima aambiwe: mdaiwa ana akiba katika benki fulani, au anafanya kazi mahali fulani.

Hapo ndipo ile hundi ya dola 600 ilipoonekana kuwa na faida ya pili. Juu yake palikuwa pameandikwa jina la benki ya mwenye duka na namba ya hesabu yake. Fundi alipeleka habari hiyo kwa marshali, na benki ikaamriwa kutoa. Kama hakuna kilichopatikana, hukumu haifi upesi. Hudumu miaka 20, na kwa kawaida deni huongezeka riba ya asilimia 9 kila mwaka. Lakini kuna fedha zisizokamatwa, kama vile malipo ya uzeeni yanayotolewa na serikali, maana sheria haitaki mzee afe njaa kwa ajili ya deni.

Tumesema habari ya wasiotokea. Mdai asipokuja jioni ya shauri, shauri hufutwa. Mdaiwa asipokuja, mdai huambiwa aeleze peke yake, na akithibitisha dai lake hupewa hukumu. Sheria hiyo ni ya lazima, kwa sababu kama kutokuja kungemwokoa mdaiwa, hakuna hata mmoja ambaye angekuja. Lakini sheria hiyo hiyo ilifungua mlango wa uovu mkubwa.

Nje ya idara ya madai madogo si karani anayepeleka habari kwa mdaiwa. Mdai humwajiri mtu kupeleka samansi, na mtu huyo huapa kwa maandishi kwamba amempa mdaiwa mkononi, au amemwachia mtu mzima nyumbani, au ameibandika mlangoni. Zimekuwako kampuni zilizonunua madeni ya zamani kwa fedha kidogo, madeni ya maelfu ya watu, kisha zikawashitaki wote kwa mara moja. Wapelekaji wa samansi walilipwa kidogo kwa kila moja, nao wengine waliona afadhali kuapa uongo kuliko kupanda ngazi. Wamarekani waliupa udanganyifu huo jina la kupeleka mtaroni, yaani samansi ilitupwa katika mtaro wa maji machafu. Mdaiwa hakujua lolote. Siku moja alikwenda benki kuchukua mshahara wake, akaambiwa umezuiwa kwa amri ya mahakama ambayo hakupata kuisikia.

Dawa iliyopatikana ilikuwa rahisi, na mimi naipenda kwa urahisi wake. Tangu mwaka 2008, katika mashauri ya madeni ya wateja kama hayo, kampuni inayodai lazima imletee karani bahasha yenye stempu na anwani ya mdaiwa, na karani mwenyewe huitia posta. Bahasha ikirudi ikiwa na alama ya posta kwamba mtu huyo hapatikani pale, mahakama haitoi hukumu ya kutotokea. Kwa stempu moja tu, uongo wa kiapo waweza kugunduliwa. Mwaka 2021 jimbo lilitunga sheria kali zaidi, na miaka ya kudai deni la namna hiyo ikapunguzwa kutoka sita hata mitatu.

Mwenye kupata samansi si lazima aandike jibu kwa lugha ya kisheria. Aweza kwenda kwa karani akasema kwa kinywa, "Deni hili si langu," au "Nimekwisha lipa," na karani atayaandika. Asiyejua Kiingereza hupewa mkalimani bila malipo. Siku za kujibu ni 20 kama alipewa samansi mkononi, na 30 kama ilipelekwa kwa njia nyingine. Siku hizo zikipita kimya, kazi ya kujiokoa huwa ngumu, ingawa bado aweza kumwomba hakimu aifute hukumu ikiwa ana udhuru wa kweli.

Sasa tufike kwenye idara ambayo watu wa New York huiogopa kuliko zote, nayo ni idara ya nyumba. Idara hiyo ilianzishwa mwaka 1973 ndani ya Mahakama ya Madai, na mahakimu wake hawachaguliwi kwa kura, bali huteuliwa kwa miaka 5. Watu wengi wa mji ule hawana nyumba yao wenyewe. Ni wapangaji, na kodi ni kubwa sana. Mtu akishindwa katika idara ya madai madogo hupoteza fedha. Akishindwa hapa, yeye na watoto wake huweza kujikuta barabarani, na majira ya baridi kule theluji huanguka.

Mwenye nyumba hawezi kumtoa mpangaji kwa mkono wake. Akibadilisha kufuli, au akitupa vitu nje, yeye ndiye aliyevunja sheria. Kwanza humpa mpangaji ilani ya siku 14 alipe kodi. Asipolipa, hufungua shauri, na mpangaji ana siku 10 za kujibu. Hakimu akitoa amri ya kumtoa, ni marshali au sherifu tu aliye na haki ya kuitekeleza, naye lazima ampe mpangaji ilani nyingine ya siku 14. Nyingi za siku hizi ziliongezwa na sheria ya mwaka 2019. Zamani zilikuwa chache zaidi.

Idara hii hufanya kazi kwa pande zote mbili. Mpangaji naye aweza kumshitaki mwenye nyumba. Katika mji ule, tangu tarehe 1 Oktoba hata 31 Mei, mwenye nyumba hutakiwa kutia joto nyumbani. Mchana, tangu saa 12 asubuhi hata saa 4 usiku, ikiwa nje kuna baridi chini ya digrii 13 za Selsiasi, ndani ya nyumba lazima pawe na digrii 20. Na usiku ndani lazima pawe na digrii 17 hivi, hata nje kukiwaje. Mpangaji asiyepata joto, au ambaye dari lake linavuja, au panya wamemzidi, huandika orodha ya makosa hayo. Mkaguzi wa mji huja kuyatazama kwa macho yake, na hakimu humwamuru mwenye nyumba ayatengeneze kwa tarehe fulani, na asipofanya hutozwa faini.

Kwa miaka mingi mizani ya idara hii haikuwa sawa. Wenye nyumba karibu wote walikuja na mawakili, lakini mwaka 2013 ilihesabiwa kwamba katika wapangaji 100 alikuwako mmoja tu mwenye wakili. Mpangaji alisimama katika ujia wa mahakama, wakili wa mwenye nyumba akamwekea karatasi ya mapatano, naye akatia sahihi asielewe kwamba ametia sahihi kuhama. Mwaka 2017 halmashauri ya mji ilipitisha sheria kwamba mpangaji maskini anayeshitakiwa ili atolewe apewe wakili kwa gharama ya mji. New York ulikuwa mji wa kwanza katika Marekani kufanya hivyo. Sheria ni njema, lakini mashauri ni mengi na mawakili hawatoshi, na wako wapangaji ambao hata sasa husimama peke yao.

Huyo aliye peke yake bado ana njia moja, hata ilani ya marshali ikiisha kubandikwa mlangoni. Huenda kwa karani asubuhi akiwa na ilani yake mkononi, akajaza karatasi kueleza kwa nini hakufika siku ya shauri, au kwamba fedha za kodi sasa anazo. Hakimu huisoma, mara nyingi siku ile ile. Akiona sababu ni ya maana hutia sahihi, na mpangaji hupeleka nakala kwa marshali na kwa wakili wa mwenye nyumba. Marshali akiisha kuipokea haruhusiwi kuja mlangoni. Huiweka amri ile kando mpaka tarehe aliyoiandika hakimu, na siku hiyo wote wawili watasimama mbele yake wasikilizwe.